Dume la Mahari

Manchira, wilayani Serengeti, mzee mwenye ng'ombe zizini hajihesabu kuwa mdaiwa. Hesabu anazijua mama watoto: marejesho ya kikoba yalilipwa kwa Songesha, mkopo wa kwenye simu, Songesha ikalipwa kwa kausha damu, mkopo wa riba ya kuumiza, na mwenye kausha damu sasa yuko mlangoni na daftari, anakunywa chai yao. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Wapo walioshangilia, wakidhani programu zikifungiwa, madeni nayo yamefungiwa. Na kuuza dume moja ili kumaliza deni, hata jina lisafishike kule Creditinfo wanakotunza kumbukumbu za wakopaji? Thubutu! Hilo ni la mahari ya kijana. Kijana mwenyewe, tunasikia, keshaoa. Kwa mkopo.