Hongereni kwa Ujirani Mwema

Kwa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF)

YAH: PONGEZI KWA KUTUNZA REKODI

Waheshimiwa viongozi,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Taifa Stars imecheza fainali 4 za AFCON: 1980, 2019, 2023 na 2025. Mechi 13, sare 5, vipigo 8, ushindi 0. Wapo wanaoona aibu. Hao hawajui ujirani.

Mwaka 1979, enzi mkiitwa FAT, Peter Tino alisawazisha kule Ndola, tukafuzu kwa mara ya kwanza, Zambia wakabaki kwao. Deni la jirani halilali. Januari 2024 tulililipa: Simon Msuva akafunga mapema, Zambia wakabaki 10 uwanjani, nasi tukawangoja kiungwana hadi dakika ya 88, Patson Daka akachukua chake.

Kenya nao tuliwatangulia mara mbili kule Cairo mwaka 2019, kisha tukawapisha washinde 3-2. Uganda tulikuwa tumewachapa 3-0 Dar es Salaam mwaka huohuo. Kule Morocco mwaka 2025 tukawaomba radhi kwa kuwaachia bao la dakika ya 80. Waungwana wale wakakataa kuzidisha: penalti ya mwisho wakaikosa wenyewe.

Tunajua siri ya mafanikio haya. Kocha akikaa sana atawazoea wachezaji, aanze kulinda mabao, atugombanishe na majirani. Ndiyo maana Emmanuel Amunike hakudumu baada ya fainali za 2019, Adel Amrouche akawekwa kando baada ya mechi moja tu mwaka 2024, na Miguel Gamondi akapewa timu wiki chache kabla ya safari ya Morocco. Huko, pointi 2 zikatufikisha 16 bora. Ushindi tungeupeleka wapi?

Sasa 2027 fainali zinakuja kwetu, Kenya na Uganda. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kuwa makundi yana mechi 3 tu, tunaomba safari hii jembe litoke siku ya kwanza, na kocha atakayeligawa ajulikane mapema.

Wenu mtiifu,
Shabiki wa Mzunguko

Nakala: Chipolopolo, Harambee Stars na Cranes, wasije wakasema hatukuwaaga.