Ukuta wa Sebuleni

Wakwe walikuwa wanakuja na mahari ya binti yetu katikati ya Januari, na ukuta wa sebuleni umechujuka. Baba watoto akaenda Likasi, akarudi kwetu Mulungwishi na makopo mawili ya rangi ya mafuta, kijani cha majani ya muhogo. Tukapaka usiku mmoja. Wageni walipoketi ukuta unang'aa, nami nikajivuna.

Wiki ya tatu ukatoka malengelenge. Nilibonyeza moja kwa kidole gumba: likapasuka, maji yakanichuruzikia mkononi, na nyuma yake unga mweupe kama magadi. Februari mvua ilipokaza, alfajiri moja kipande cha lipu kipana kama sinia kikaangukia kabati la vyombo. Vikombe vya ndoa yetu vikaenda vyote. Nililia, sifichi.

Tata, mwashi mstaafu tunayepakana naye, hakuutazama ukuta, alitoka nje. "Mama, udongo huu umepanda lini?" Kwa miaka tulifagia uwanja na kulimbikizia maua, mpaka udongo mwekundu ukauzidi msingi, karibu na goti. Nyumba yetu ni ya zamani, ya matofali ya kuchoma na lipu ya chokaa. Tofali hunywa maji ya ardhini, chokaa huyapumua nje taratibu. Rangi ya mafuta ilikuwa imeyazibia njia.

Tukachimba udongo, tukangoja. Mvua ikakoma, baridi ya Juni na Julai ikapita na upepo wake mkavu. Kungoja huko ndiko kulikonichosha kuliko kukwangua. Rangi tuliilowanisha kabla ya kuikwangua, vumbi lisipae, maana rangi za kale zilizo chini yake huweza kuwa na risasi. Tata akagonga ukuta shubiri kwa shubiri kwa kifundo cha kidole: panapolia mtungi, bomoa, panapolia jiwe, acha.

Chokaa tuliizima kwenye pipa, ikachemka bila moto. Ukuta nao hunyweshwa maji kwanza, la sivyo unainyang'anya chokaa maji yake, ibaki unga wa kufutika. Tukapaka mikono mitatu, myembamba. Ikiwa mbichi ni kama maji ya mchele. Binti akadhani tumeharibu tena. Asubuhi ilikuwa nyeupe.

Mvua ya kwanza ya Novemba ilinyesha usiku kucha. Karibu na mlango pakatokea doa la unyevu, upana wa kiganja. Nikavuta kiti, nikakaa nalo. Kufika adhuhuri halikuwapo.