Ssenga Ajibu: DP Ipi, Mwanangu?

*Ssenga, baba wa mchumba wangu, mzee wa Rubaga, aliniuliza kama mimi ni DP. Nikamwambia DP yangu naibadilisha kila Ijumaa. Kwanjula, sherehe ya kujitambulisha ukweni, imeahirishwa. Nifanyeje? – Mfukuzwa, Ntinda*

Mwanangu, una bahati barua yako imenifikia mimi shangazi, ambaye gauni langu la gomesi likipita Wandegeya hata trafiki husahau filimbi. Nimefunda mabibi harusi wa vilima vyote saba, wala hakuna aliyerudishwa kwao, isipokuwa mmoja aliyerudi mwenyewe kunishukuru, akakaa miaka mitatu.

Mzee hakuulizia picha yako ya WhatsApp. Aliulizia Democratic Party, chama cha Uganda kilichozaliwa 1954, Wakatoliki walipochoka kurukwa vyeo vya Mengo, kwa mfalme wa Buganda, vilipogawiwa. Mahasimu wakasema DP ni Dini ya Papa. Nayo UPC, chama cha Obote, ikabatizwa Umoja wa Waprotestanti wa Canterbury. Chama cha KY ndicho kilijieleza chenyewe: Kabaka Yekka, Mfalme peke yake, nani abishe? Siku hizo herufi mbili zilitosha kukunyima mke.

Na usidhani ukihama umepona. Nairobi DP ni Naibu Rais, ingawa wazee watakutajia chama cha Kibaki. Dar es Salaam, mwaka 2023, ungetamka DP barazani ungeulizwa bandari umeiuza DP World ya Dubai kwa bei gani. Hata mimi nimefupishwa: mjini naitwa SK, Ssenga Kipenzi. Wenye wivu wana tafsiri yao, na gazeti hili lina heshima.

Dawa! Jembe ndiyo alama ya DP. Lifunge mgongoni kama mtoto, panda nalo Rubaga, kilima cha Wakatoliki, alfajiri ukiimba. Ukishuka usikatize Namirembe kwa Waprotestanti, watasema umehama chama. Kwenye simu weka picha ya Benedicto Kiwanuka, Waziri Mkuu wetu wa kwanza, ambaye askari wa Amin walimkokota kutoka Mahakama Kuu mwaka 1972 akiwa Jaji Mkuu, asionekane tena. Hapo usitie mzaha. Mzee atatoa machozi, nawe utoe leso. Leso zangu zinapatikana Owino, ulizia kwa jina langu, ukatae za bandia.

Nilitaka kukusimulia nilivyopatanisha koo mbili kwa kikapu kimoja cha senene, lakini bibi harusi wa Masaka ananigongea mlango. Basi: omba radhi, rudi na jogoo, mkabidhi shemeji yako, si baba mkwe, na simu uizime.