Sifa za Mchwa, Mkaguzi wa Majengo Asiyelipwa

Waandishi wa kale walikuwa na desturi ya kukisifu kile ambacho watu wengine wote wanakilaani, na Lucian wa Samosata, aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 2, alifika mahali pa kumtungia inzi sifa kamili, akimpamba kwa ushujaa, kwa sauti na hata kwa nasaba. Mchwa hakubahatika kupata mwandishi wa namna hiyo, na huko ni kudhulumiwa, kwa kuwa inzi hajawahi kukagua jengo lolote, ilhali mchwa wa Buhembe, kata iliyomo katika Manispaa ya Bukoba, hukagua majengo usiku na mchana bila barua ya ajira, bila posho ya safari na bila likizo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mkoa wa Kagera haujapata mkaguzi wa majengo mwaminifu kumzidi mdudu huyu, kwa sababu hapokei chai ya fundi, hapitishi kazi asiyoiona, na akishaingia haondoki kabla ya kufika kwenye kenchi.

Kabla ya kuzihesabu fadhila zake ni vema afahamike ni nani hasa anayesifiwa. Wataalamu wa wadudu wamekwisha kuorodhesha karibu spishi 3,000 za mchwa duniani, na kati ya hizo zipatazo 80 tu ndizo zinazohesabiwa kuwa waharibifu wakubwa wa majengo; nyingine hula nyasi, majani makavu, samadi na hata udongo wenyewe, zikiupa udongo huo hewa na rutuba ambayo mkulima huidhania kuwa ni matunda ya jembe lake. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba mchwa si ndugu wa sisimizi, kama umbo lake linavyodanganya, bali ni wa ukoo wa mende, jambo ambalo mtunga sifa yeyote angependa kulipita haraka. Anayesifiwa hapa ni mchwa wa ardhini, yaani yule mwenye kiota udongoni, anayetoka kwenda kutafuta chakula na kurudi nacho kwao, tofauti na mchwa wa mbao kavu, ambaye huishi ndani ya ubao bila kuhitaji kugusa ardhi na huacha chini ya samani punje ndogo ngumu za kinyesi. Mchwa wa ardhini haachi punje hizo, kwani kinyesi chake hukichanganya na mate na udongo akajengea, na ni makandarasi wachache wanaoweza kujisifu kwamba eneo lao la kazi halina taka.

Utumishi wake kwa umma ni wa zamani. Qur'ani, katika sura ya Sabai, inaeleza kwamba Nabii Sulaiman alifariki akiwa ameegemea fimbo yake, na majini waliokuwa wakimtumikia wakaendelea na kazi ngumu wasijue kwamba bwana wao amekwisha kufa, hadi mdudu wa ardhini, ambaye wafasiri wengi humtaja kuwa ni mchwa, alipoitafuna fimbo na mwili ukaanguka. Vitabu vya sira vinaongeza kwamba hati ya Makuraishi ya kuwatenga Banu Hashim, ukoo wa Mtume Muhammad, iliyotundikwa ndani ya Al-Kaaba, ililiwa na mdudu huyohuyo, likabaki jina la Mwenyezi Mungu tu. Mkataba wa dhuluma ukabatilika bila wakili wala ada ya mahakama. Karne nyingi baadaye, mnamo 1840 hivi, mchwa waliingia katika kisiwa cha Saint Helena wakiwa ndani ya mbao za meli ya watumwa iliyokamatwa na kuvunjwa Jamestown, na katika miaka iliyofuata waliula mji huo hata sehemu yake kubwa ikabidi ijengwe upya.

Hata hivyo, cheti chake kikubwa kuliko vyote kimo Buhaya kwenyewe, yaani nchi ya Wahaya wa Kagera. Mwaka 1978 mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya utafiti wao juu ya ufuaji wa chuma wa Wahaya, wakieleza kwamba mabaki yaliyochimbuliwa kandokando ya Ziwa Victoria, yakiwemo ya Kemondo, katika njia ya kutoka Bukoba kwenda Muleba, yanaonyesha kuwa mafundi wa eneo hilo walikuwa wakiyeyusha chuma chenye kaboni, yaani chuma cha pua, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Siri iliyovuma zaidi ni ile ya mabomba ya udongo, ambayo, kwa maelezo yao, yaliingizwa ndani ya tanuri ili hewa ya mivuo ipate moto kabla ya kuufikia mkaa. Siri iliyovuma kidogo, na inayostahili kuvuma, ni kwamba wazee waliowaonyesha watafiti hao kazi hiyo waliziinua kuta za tanuri kwa udongo wa kichuguu. Hawakukosea, kwani mchwa anapojenga huchagua chembe moja moja, akaunda udongo mfinyanzi unaostahimili joto ambalo lingepasua udongo wa kawaida. Kwa maneno mengine, alikuwa mshirika katika kiwanda cha kwanza cha chuma cha Kagera, na mshirika huyo hakutajwa katika historia ya shule.

Bahati mbaya yake ni kuwa jirani wa senene. Msimu wa mwisho wa mwaka unapofika, Bukoba nzima humsubiri panzi huyo wa kijani, humkaanga, humfunga vizuri na kumtuma Dar es Salaam kwa ndugu waliokosa, ingawa senene hajajenga chochote, hajakagua chochote, na kazi yake yote duniani ni kula nyasi na kuliwa. Mchwa naye hutoa kitoweo, kwa kuwa kumbikumbi wanaoruka baada ya mvua ni mchwa wenyewe walioota mabawa, vijana wa kike na wa kiume wanaoondoka kwao kwenda kuanzisha miji mipya. Aina zinazojenga vichuguu vikubwa hutoa pia uyoga: mchwa hao hawawezi kumeng'enya mbao vizuri peke yao, hivyo huzitafuna, huzipeleka kiotani na kuzitengenezea masega ambayo juu yake hulima kuvu, na kuvu huyo ndiye anayelainisha chakula na ndiye anayechomoza juu ya ardhi wakati wa masika akawa mboga. Mlo anaoutoa una hesabu yake, kwa maana uyoga unaotokeza nyuma ya jiko unaweza kuwa umeoteshwa kwa mlango wa mwenye nyumba.

Hapa ndipo utambuzi unapoanza. Wenye nyumba wengi humchanganya kumbikumbi na sisimizi mwenye mabawa, lakini kumbikumbi ana mabawa manne yenye urefu sawa, kiuno kinene na vipapasio vilivyonyooka, ilhali sisimizi ana mabawa ya mbele marefu kuliko ya nyuma, kiuno chembamba na vipapasio vilivyopinda. Kumbikumbi wakivutwa na taa ya barazani kutoka nje hawana neno. Lakini mabawa yaliyopukutika yakikutwa asubuhi kwenye vizingiti vya madirisha ya ndani, na hasa wadudu wakionekana wakitoka kwenye ufa wa sakafu, hiyo ni barua rasmi ya kuarifu kwamba ofisi ya mkaguzi imo chini ya jamvi.

Anachokikagua kwanza ni unyevu, kwani mwili wa mtenda kazi, yaani mchwa mweupe asiye na mabawa, ni laini na hukauka upesi hewani. Buhembe inampa anachokitaka bila kuombwa. Mvua ya Bukoba hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba ya Mhaya, hutandazwa nyasi kutoka rweya, nchi ya wazi ya majani. Na bidii ya mkulima hufikisha matandazo hayo mpaka kwenye ukuta, huku kuni zikipangwa chini ya dirisha la jiko na maji ya bati yakidondokea msingi. Nyumba ya msonge ya zamani, ingawa ilikuwa ya miti na nyasi tupu, ilikuwa na moto ndani kila siku, na moshi wake ulilikausha paa na kuwachosha wadudu. Nyumba ya bati imeutoa moshi nje pamoja na jiko, jambo jema kwa mapafu, lakini mbao za paa zimebaki bila mlinzi.

Cha pili ni uadilifu wa fundi. Ufa wa milimita moja unamtosha kupita, kwa hiyo hugundua jamvi lililomwagwa juu ya visiki na vipande vya mbao za boksi, bomba lililopitishwa sakafuni bila kuzibwa pembeni, miimo ya milango iliyozamishwa udongoni, na mbao za paini au mkaratusi zilizouzwa kwa jina la mbao zilizotiwa dawa. Tetemeko la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilipasua nyumba nyingi za Bukoba, na mahali ambapo ufa ulipakwa lipu juujuu na rangi juu ya lipu, macho ya mnunuzi yanaweza kudanganywa, lakini mchwa hapiti upande wa rangi.

Ripoti yake huiandika ukutani kwa njia za udongo zenye upana unaokaribia wa penseli, zinazopanda kutoka ardhini kwenye msingi, nyuma ya kabati, kando ya fremu, hadi kwenye dari. Mtu akivunja kipande kifupi cha njia hiyo katikati, ataona watenda kazi weupe wakirudi ndani kwa haraka, kisha askari wenye vichwa vikubwa vya rangi ya kahawia wakijitokeza ukingoni na kusimama huku taya zikiwa wazi, na baada ya muda mfupi punje za udongo mbichi zikianza kupachikwa kutoka ndani, moja baada ya moja, mpaka tundu lizibwe. Njia iliyovunjwa na kukutwa imejengwa upya baada ya siku chache inathibitisha kwamba mchwa bado wapo kazini. Iliyobaki wazi inaweza kuwa imehamwa, ingawa haithibitishi kwamba hakuna nyingine. Mbao zenyewe hupimwa kwa kugongwa na mpini wa bisibisi: nzima hujibu kwa sauti kavu, iliyoliwa hujibu kwa uvungu, na bisibisi ikisukumwa kidogo huzama, kwa maana mchwa amekula kiini akaacha rangi, kwa heshima ya mwenye nyumba.

Ndiyo maana ni tusi lisilo haki kuwaita mchwa watu wanaotafuna fedha za umma. Mchwa huacha njia yake ukutani ionekane na kila mtu, na tangu dunia iumbwe hajawahi kusingizia kwamba faili limepotea. Akilila faili, hulila kweli.

Mkaguzi wa aina hii haondolewi kwa hasira. Oili chafu inayopakwa kwenye nguzo humzuia kwa muda tu, lakini huchafua udongo na kuipa nyumba kiungo kizuri cha kuwakia moto; majivu na chumvi humfanya azunguke upande wa pili. Kuchimba kichuguu na kumtoa malkia, mama anayetaga maelfu ya mayai kwa siku ndani ya chumba cha udongo mgumu, kunaweza kusaidia pale kichuguu kinapoonekana, lakini aina nyingi zina viota vilivyofichika chini kabisa bila alama juu, na baadhi huweza kumweka mrithi. Tiba yenye uzito ni ya udongo: huchimbwa mfereji mwembamba kuuzunguka msingi, wenye kina cha sentimita 30 hivi, humiminwa kiuatilifu kilichochanganywa kwa kipimo cha lebo, na sakafu hutobolewa kandokando ya kuta ili dawa iingie chini ya jamvi, kisha matundu huzibwa kwa saruji. Dawa za jamii ya bifenthrin humfukuza mchwa mpakani, hivyo pengo dogo lililoachwa huwa mlango; zile za fipronil hazinusiki, na mchwa aliyepita juu yake huwapelekea wenzake sumu kwa kulambana na kulishana, kwa hiyo ukarimu wake, sifa bora aliyonayo, ndio unaommaliza. Dieldrin na chlordane, zilizotumika zamani, zimepigwa marufuku chini ya Mkataba wa Stockholm wa 2001 kwa kuwa hudumu udongoni kwa miaka mingi na kuingia katika miili ya watu. Fipronil na bifenthrin nazo huua samaki, na kwa mji ulioko ukingoni mwa ziwa, wenye chemchemi katika mabonde yake, dawa haimwagwi karibu na kisima wala siku ya mvua.

Mwenye nyumba anayetaka kuagana naye kwa heshima hana budi kuvuta matandazo na kuni mbali na ukuta, kuelekeza maji ya bati kwenye mfereji, kung'oa visiki, kubadilisha mbao zilizoliwa, na kumwita mpuliziaji mwenye leseni anayetumia kiuatilifu kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Anayejenga sasa aifanye kazi hiyo kabla ya kumwaga jamvi, kwa kuwa udongo ukiwa wazi dawa husambaa kote kwa gharama ndogo, na zege likishakauka kila tundu hulipiwa.