Posho ya Kibaba: Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Ziara

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: ZIARA YA MAFUNZO YA SIKU MOJA, BAGAMOYO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni dereva wa gari la mbele, yule ambaye Mheshimiwa huniita "wewe". Shikamoo.

Kwanza nakupongeza kwa kuongoza msafara wa magari matano yaliyobeba wajumbe tisa. Hesabu yake sijaielewa, lakini kazi yangu ni usukani. Ratiba ilisema saa moja asubuhi. Tukaondoka Posta saa nne kasorobo, vioo vyeusi vimepandishwa, AC imefunguliwa mpaka mwisho. Kilomita 70 hivi. Tulipofika Bunju kiti cha nyuma kilikuwa kinakoroma, na Mapinga hakuna aliyeiona.

Bagamoyo mlishuka kwenye Boma la Wajerumani, lililojengwa 1897. Niliangalia saa ya gari: dakika sita, picha zikiwemo. Yule kijana muongozaji alikuwa amepiga pasi shati na kujiandaa vizuri. Akawaeleza jinsi Wajerumani walivyoifanya Bagamoyo makao makuu ya koloni lao. Kabla hajafika mwaka 1891, walipoyahamishia Dar es Salaam, milango ya magari ikafungwa. Kwa hiyo vichwani mwa wajumbe wetu makao makuu bado yako Bagamoyo. Naomba lisahihishwe kwenye ripoti.

Mkaenda kula. Jina langu halikuwamo kwenye orodha ya sahani, nami sikulalamika. Nilimwachia mwenzangu funguo, nikatembea mpaka misheni, ile iliyoanzishwa na mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Hapo ndipo ulipolazwa mwili wa Livingstone, yule mmisionari na msafiri, Februari 1874, kabla ya kuvushwa Unguja.

Mheshimiwa, nilisimama pale muda mrefu kuliko kamati nzima ilivyosimama katika mji mzima. Mzungu yule alifia kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Watumishi wake, Susi na Chuma na wenzao, wakauzika moyo wake palepale, mwili wakaukausha kwa chumvi na jua, wakaufunga kama mzigo wa kawaida, wakaubeba miezi tisa kwa miguu. Wengine husema jina la Bagamoyo limetokana na "bwaga moyo", mpagazi anapotua mzigo na kupumua; wengine wanasema ni mateka aliyeacha moyo wake bara. Hawa moyo waliubwaga Chitambo kabisa, wakaja pwani na kilichobaki.

Na unajua nani alipanda meli na jeneza hadi Uingereza? Mwenzao, Jacob Wainwright. Susi na Chuma walibaki, wakaja kuitwa kule mazishi yameshapita. Niliposikia hivyo nikaikumbuka ile orodha ya sahani.

Sasa suala la posho, ambalo ndilo hasa limenifanya nishike kalamu. Neno hili tunalolipenda maofisini lilikuwa la njia ya misafara. Mpagazi, Mnyamwezi au Msukuma, alibeba pembe au mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, kutoka bara hadi hapa. Posho yake ilikuwa chakula cha siku: kibaba cha nafaka, basi. Kibaba kile kilimtosha kutembea tangu alfajiri. Chenu, kwa jinsi nilivyoona unene wa bahasha, kingemfikisha mtu Ujiji na kumrudisha.

Fomu za posho mlizisainia juu ya boneti ya gari langu, injini ikiwa bado ya moto. Kule Boma mlilalamika kwamba joto halivumiliki. Boneti hakuna aliyeilalamikia.

Kaole, kwenye magofu ya misikiti ya kale na makaburi ya nguzo, tulipita mbele ya kibao kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Mjumbe mmoja akasema, "Andika tumefika." Nami naandika: kibao tulikifikia.

Maombi yangu ni mawili. Ziara ijayo mje na basi moja, Mheshimiwa, na wajumbe watembee kutoka Boma hadi misheni. Ni mwendo wa kupiga soga tu, mimi niliumaliza na njaa yangu. Pili, posho yangu ilipwe kwa kiwango cha msafara: kibaba kimoja cha mchele, kipimwe palepale kwenye boneti, mbele ya mashahidi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Dereva, gari la mbele.

Nakala: Mhasibu. Yule kijana muongozaji hajalipwa mpaka leo. Namba yake ninayo.