Kituo cha Polisi cha Kuku Wangu

Nilichoomba ni banda la kuku. Natanguliza neno hili kwa sababu hapa Migosi, Kisumu, kisa chetu kimezunguka hadi kikaota mikia, na wapo wanaoapa kwamba mimi ndiye niliyetaka polisi uani. Mimi nilikuwa na kuku wa kienyeji, jirani mwenye mbwa asiyeshiba, na mume aliyeahidi banda tangu Pasaka. Ilipofika Novemba 2023 akaniambia banda liko njiani, linatengenezwa na fundi wa Kibuye, la mbao, tena litapakwa rangi. Sikuuliza rangi gani. Nani huuliza rangi ya banda la kuku?

Baba watoto ni mwalimu wa fizikia. Hanywi, hachezi kamari, na Gor Mahia ikifungwa hulala bila kelele. Ugonjwa wake ni mmoja tu: Doctor Who, tamthilia ya BBC kuhusu mtu asiyejulikana jina, aitwaye Daktari basi, anayesafiri katika nyakati, mbele na nyuma, ndani ya kibanda cha buluu. Akikaribia kufa hageuki maiti. Hugeuka mtu mwingine, sura mpya na tabia mpya, ndiyo maana waigizaji huondoka na yeye akabaki. Ujanja huo uliingizwa mwaka 1966, mwigizaji wa kwanza, William Hartnell, alipodhoofika kiafya. Mume wangu aliambukizwa akiwa chuoni Maseno, enzi za David Tennant, vipindi vikihama kutoka flashi hadi flashi. Wakati wa posa watu wetu waliuliza kama ana madeni, kama ana mke mwingine. Hakuna aliyefikiria kuuliza kama ana Daktari.

Na hoja anazo. Kipindi cha kwanza kilirushwa Jumamosi ya tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa. Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba. Kwa hiyo, husema, tamthilia hii imeizidi nchi yetu umri kwa siku 19, na mkubwa huheshimiwa. Ukimwambia ni mambo ya wazungu, atakutajia mwongozaji wa kipindi kile cha kwanza, Waris Hussein, mzaliwa wa India. Ukinyamaza, atakueleza jinsi BBC ilivyofuta kanda zake za miaka ya sitini ili zitumike tena, na jinsi mwaka 2013 vipindi tisa vilivyodhaniwa vimepotea milele vilivyotangazwa kupatikana katika mji wa Jos, Nigeria, vikiwa kwenye makopo. Kama makopo yalikuwa Jos, kwa nini yasiwe Kisumu? Tangu hapo hapiti kopo la duara lenye kutu sokoni Kibuye bila kulifungua. Moja alilinunua kwa pesa nzuri. Lilikuwa na gundi ya kuzibia matairi.

Ya skafu nayapita haraka. Daktari wa nne, Tom Baker, alivaa skafu ndefu ya kuburuta, ambayo inasemekana ilirefuka hivyo kwa sababu mfumaji alipewa mzigo wa nyuzi akazifuma zote. Mume wangu alitaka kama hiyo. Kisumu. Mwezi wa Februari. Nilimwambia aifume mwenyewe.

Lakini haki yake nimpe: Mei 2022 ilipotangazwa kwamba Daktari anayekuja ni Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Kigali, mimi pia niliinuka kwenye kiti. Alimpigia simu mama yake kijijini Seme. Mama, ambaye sisi na watoto wote tunamwita Dani, akauliza, "Ni wetu?" Akajibiwa ni Mnyarwanda, wazazi wake walikimbia naye mwaka 1994 akiwa mtoto, akalelewa Scotland. Dani akanyamaza kidogo. Kisha akasema mwaka huo anaukumbuka, ndio mwaka ambao watu waliogopa kula samaki kwa sababu ya yaliyokuwa yakiletwa ziwani na mto. Mto wenyewe ni Kagera. Maji yanayopita kando ya Kigali huishia humu humu Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria. "Basi ni wa ziwa," Dani akakata shauri. "Mwambie ale vizuri."

Sasa banda. Lilikuwa limekamilika kwa ajili ya miaka 60 ya tamthilia, jambo ambalo sikuambiwa. Fundi wa Kibuye alipewa picha na vipimo, akafanya kazi ya kupendeza, saiprasi na plaiwudi, milango miwili, madirisha yenye vioo vidogo vidogo, taa ya sola juu. Tatizo lilikuwa maandishi. Kibanda cha Daktari si cha kubuni: London iliweka vibanda vya namna ile mitaani tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, navyo vilikuwa na simu ya kumwita askari. Kwa hiyo juu kabisa, pande zote, huandikwa POLICE. Mchora mabango wa pale Kibuye alisoma neno hilo, akaangalia rangi ya buluu, ambayo mwaka 2018 ilifanywa sare ya polisi wetu, akaelewa kazi aliyopewa ni ya serikali. Kwa ukarimu wake, bila kudai hata shilingi, akaongeza mlangoni wito wa polisi, kwa herufi nzuri nyeupe: UTUMISHI KWA WOTE.

Mume wangu alipofika kulichukua, rangi ilikuwa imekauka.

Wakalipakia kwenye mkokoteni. Kutoka Kibuye kuja kwetu lazima upite Kondele, na Kondele, kwa asiyeijua, ndipo Kisumu inapokutana na serikali inapokuwa na la kuiambia. Kila uchaguzi, kila maandamano, mawe huanzia pale na vitoa machozi huishia pale. Huko London mtu aliliona neno lile akakumbuka simu. Kondele watu waliliona likija juu ya mkokoteni saa tisa mchana, wakahesabu haraka: kama leo wameleta kituo, kesho wataleta nini? Waendesha boda wakaacha abiria. Mmoja akauliza kwa ruhusa ya nani. Mwingine, mwenye akili ya biashara, akauliza kama wanaajiri. Mwenye mkokoteni akashusha mikono. "Omera, mimi nina watoto," akamwambia mume wangu, akachomoa magurudumu yake chini ya mzigo, akaondoka bila kudai salio.

Ndipo mvua ikaja. Mvua ya Kisumu haina salamu: ngurumo moja, kisha maji. Umati ukakimbilia chini ya daraja la juu, na mume wangu, mtu aliyeusubiri wakati huo tangu Maseno, akafungua mlango wa kibanda akaingia. Mvua ilipokatika watu walirudi, wakauzunguka mzigo, na mlango ukafunguka kwa ndani, akatoka mwalimu, mkavu kabisa, akasema, "Habari zenu." Mama mboga wangu alikuwepo. Alinipigia simu akihema. Aliniambia mume wangu ametokea.

Lilifika usiku, kwa pikapu.

Kuku hawakulitaka. Plaiwudi pande zote, jua la Migosi, hewa hamna. Ukiingiza kichwa unatoka umeiva. Nilitaka madirisha yakatwe. Baba watoto akasema kila dirisha sharti liwe na vioo sita, hilo halijadiliwi. Alipoenda kazini niliving'oa vyote na kupiga wavu wa kuku mahali pake, miraba sita sita, na hadi leo hajapata kosa la kimsingi katika kazi yangu. Kuku wakaingia. Walipobanana na kuanza kudonoana nilimkumbusha kwamba kibanda cha Daktari, kwa maneno yake mwenyewe, ndani ni kikubwa kuliko nje. Akasema hilo linahitaji fizikia ambayo bado.

Watu ndio walioanza kuingia bila kualikwa. Jumatatu ya kwanza alikuja mama wa nyumba ya nne kuripoti mtungi wa gesi ulioibwa. Nilimweleza ni banda la kuku; akanitazama kwa huruma, akaniambia anaelewa kwamba sina ruhusa ya kusema, akaacha jina la mshukiwa. Vijana waliokuwa wakivutia bangi kwenye ukuta wetu wakahama, na hata mbwa wa jirani, nashindwa kueleza, akaacha kuja. Kisha akaja mzee wa Nyumba Kumi, akiwa amevaa koti, kuuliza ni nani aliyeidhinisha matumizi ya jina la polisi. Hapo mume wangu akang'aa. Akamkalisha mzee, akamtilia chai, akamweleza kwamba polisi wa London waliwahi kuuliza swali hilo hilo: waliipinga BBC ilipotaka kusajili umbo la kibanda kama alama yake ya biashara, na mwaka 2002 polisi wakashindwa. Umbo ni la BBC. Mzee alikunywa chai yake hadi mwisho.

"Kwa hiyo," akauliza, "hawa BBC nao wanakuja lini?"

Tuliishi hivyo miezi saba. Juni 2024 Dani akaja kutoka Seme kwa kliniki ya macho. Mama wa Kijaluo halali ndani ya nyumba ya mwanawe, kwa hiyo tulimtengenezea chumba cha uani, na ili kukifikia lazima upite mbele ya kibanda. Alifika langoni, akaona, akasimama na mkoba wake mkononi. Macho yake hayakuwa mabovu kiasi hicho.

"Nyathina," akaniambia polepole, "hawa wamekuja lini?"

Lazima nieleze. Tarehe 25 Oktoba 1969 Dani alikuwa msichana wa shule, amepangwa na wenzake kumlaki Rais, Mzee Kenyatta, aliyekuja kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Urusi. Kenyatta na mpinzani wake Jaramogi Odinga wakatupiana maneno mbele ya watu, umati ukachafuka, walinzi na polisi wakafyatua risasi, na watoto wa shule walikuwa miongoni mwa waliokufa. Hospitali ile wengi wetu bado tunaiita Russia. Ndiko alikokuwa na kliniki. Dani hakulisema hili siku ile, wala hahitaji kulisema. Alizunguka nyuma ya jikoni, akapenya kati ya tangi na ukuta, akafika chumbani kwake kwa njia hiyo, na kwa njia hiyo akaenda msalani siku zote zilizofuata. Nilimwambia mume wangu kitu hicho kiondoke. Alikubali, kweli alikubali, alisema Jumamosi.

Jumanne, tarehe 25 Juni, ilitangulia. Ndiyo siku ya Mswada wa Fedha, nchi nzima iko barabarani kuupinga, na moshi wa Kondele unaufikia ua wetu. Mchana lango likagongwa. Vijana kama kumi na watano, wamejifunga vitambaa usoni, mmoja na jerikeni.

"Mathe, tumekuja kuchoma hiyo ya makarao."

Mimi nilikuwa nimekaa kwa uzito wangu wote kwenye mlango wa sebuleni, maana nilimjua aliyekuwa nyuma yangu: akitoka atawaambia kuhusu mwaka 2002. Aliyejitokeza ni Dani. Kwa mara ya kwanza alipita njia iliyonyooka, leso mabegani, akasimama kati yao na kibanda.

"Kuku wangu wamo humo," akasema. Wake tangu lini, sikuuliza.

Mmoja akavuta mlango. Jogoo akamrukia kifuani, kelele na manyoya, na kijana wa nyuma akapaza sauti, "Karao ametoroka!" Wakacheka hadi wakashusha vitambaa. Dani hakucheka. Alinyoosha kidole juu. "Lile neno chukueni. Nalo silipendi. Mbao ni zetu." Wakapanda, wakang'oa vibao vinne vya POLICE kimoja kimoja, na nasikia vilichangia moto mzuri. Mwenye jerikeni akaonyesha mlangoni: na haya maandishi? Dani akasogea, akasoma kwa taabu, herufi kwa herufi.

"Hilo liacheni," akasema. "Kuku hutaga kwa wote."

Baba watoto aliomboleza vibao wiki nzima, ingawa alikiri kwamba katika historia ya Daktari kibanda kimepata mabaya zaidi. Siku moja baada ya vijana kuja, Rais alitangaza kwamba hatautia saini mswada, na Dani akatangaza kwamba anarudi Seme na kibanda. Kicheche kimemmalizia vifaranga, na yeye nyumba yenye wavu na kufuli hajapata kuiona. Kuku wangu nikawahamishia chini ya tangi, ambako wanastawi. Mume wangu hakuweza kumkatalia mamake. Alichoomba ni kupiga picha ya mwisho, ambayo ilichukua asubuhi nzima.

Stendini makanga wa basi la Bondo linalopita Kombewa, huko Seme, alilizunguka lile dude mara mbili, akalipima kwa mikono.

"Hili ni nauli ya watu wanne."

Nilikuwa nimeshafungua pochi. Lakini mume wangu aliona mtu anayemsikiliza, akashindwa kujizuia. Alimweleza kwamba vipimo vya nje visimdanganye, kwamba kibanda cha namna hii, kikitengenezwa sawasawa, ndani huwa kikubwa zaidi, mna vyumba, mna maktaba, mna hata bwawa la kuogelea.

Makanga akasikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa kwa heshima.

"Mwalimu, asante kwa kuwa mkweli," akasema. "Basi ni nauli ya watu wanane."

Dani akamsukuma mwanawe kando, akapatana mwenyewe. Tulilipa ya watano, na jogoo akapanda bure.