Natafuta Ubao Mpole

Mpwa wangu ameharibiwa na simu. Kutwa anatazama video za vijana wa ng'ambo wakiruka na sketibodi, na sasa chukudu yangu, skuta ya mbao iliyobeba viazi na makaa miaka yote bila kununa, haimfai tena. Anasema ubao wake umelala mno. Anataka wenye mbonyeo.

Kwa wasomaji waliojaliwa kutokuwa na wapwa, nieleze. Sketibodi hutengenezwa kwa tabaka za mbao nyembamba za mepo, kwa kawaida saba, zinazogandishwa kwa gundi na kushindiliwa ndani ya kalibu mpaka kingo za pembeni zinyanyuke. Kile kibonde cha katikati, yaani mbonyeo, ndicho kinachowagombanisha wapandaji. Kikiwa na kina, mguu unajua ulipo bila jicho kuulizwa, na ubao hutii upesi ukikanyagwa ukingoni. Kikiwa cha upole, mguu unapumzika, safari inakuwa tulivu. Tofauti yenyewe ni milimita chache tu. Watu wazima, wenye ndevu, wanabishana milimita! Huku Goma shimo la barabarani tunalipima kwa idadi ya wanaume wanaohitajika kuitoa gari.

Nilimjibu mpwa kwamba huko ng'ambo wana sakafu. Hata Kampala, pale Kitintale, vijana walijijengea kiwanja chao cha sketibodi mwaka 2006, na ni cha zege. Sisi tuna lava ya Nyiragongo. Ile ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na haikupigwa plasta. "Ndiyo maana nataka mbonyeo, mjomba," akasema. Ukibishana na mtoto wa dada yako, jiandae kulipa.

Tukaenda kwa mafundi.

Sasa, chukudu na sketibodi ni ndugu wa mbali, ila wa kwetu ndiye anayefanya kazi. Tangu enzi za Mobutu ndiye anayeshusha kabichi na viazi kutoka Kibumba: mikono kama pembe za ng'ombe, magurudumu ya mbao yaliyovishwa mpira wa matairi makuukuu, na ubao mrefu wa mkaratusi unaopokea magunia. Sketibodi hukanyagwa, chukudu hupigiwa goti. Goti moja juu ya ubao, mguu wa pili unasukuma ardhi. Kwa hiyo suala la mbonyeo kwetu si la mitindo hata kidogo, ni la goti, na goti lenyewe ni langu, maana mpwa huyu akiumwa na kichwa ni mimi ninayekwenda sokoni.

Fundi wa kwanza alikuwa na mbao zilizonyooka kama alizipigia randa kwa hasira. Alisema gunia halipendi mabonde. Ni kweli, lakini gunia halina mfupa. Wa pili alikuwa amechimba kwa tezo mahali pa goti, akachimba, akasahau kuacha. Nilipiga goti, likaingia vizuri kabisa. Kulitoa ndiko kulikohitaji msaada, huku wapita njia wakidhani nimeokoka.

Wa tatu alikuwa na kibonde kidogo, chenye mwinuko wa taratibu pembeni, nikakaribia kutabasamu. Nikauliza bei. Ilizidi ya ubao mnyoofu. Nikamwuliza sababu, akasema ni kazi ya kuchimba. Yaani ametoa mbao, vumbi lake limebaki kwake, mke wake amelipikia sombe, halafu mimi nilipie mbao ambayo haipo! Bei kwa dola, chenji kwa franka, na hesabu ya siku hiyo anaijua mwenyewe.

Lakini huyo mzee alisema jambo moja lililomnyamazisha mpwa wangu, na kwa hilo ningeweza kumwongezea kitu kama ningekuwa nacho. Sketibodi hukunjwa, nyuzi za mti zinabaki nzima, na ule mkunjo unaupa ubao nguvu zaidi. Chukudu huchongwa. Kila unapochimba unakata nyuzi, na unazikata palepale mzigo unapokaa. Mbonyeo wa kina kwenye chukudu ni mahali ulipojichagulia ubao upasukie. Tena mvua za huku ukizijua, asubuhi utakuta kuku wa jirani wanakunywa humo.

Mpwa akauliza kama basi ubao hauwezi kushindiliwa kwa gundi kama wa ng'ambo. Mzee akamtazama, akaendelea kupiga tezo.

Tulirudi tukipitia kwenye mzunguko wa Chukudu, chini ya lile sanamu alilozindua Rais Kabila mwaka 2009. Bwana yule amepakwa rangi ya dhahabu toka utosini mpaka gurudumuni, anasukuma mzigo wake mchana na usiku, hapandi wala hashuki. Nilimchunguza sana magoti. Wenzetu wameumbwa.

Mwishoni tulifanya kama wenye chukudu wengi wanavyofanya: ubao mnyoofu, na juu yake kipande cha sapatu kuukuu kilichopigiliwa misumari. Na hapo ndipo mateso mapya yalipoanza, kwa sababu mpwa wangu amegundua kwamba sapatu iliyovaliwa muda mrefu ina kibonde chake tayari, kilichochongwa na kisigino cha mtu, hakuna fundi anayekifikia. Sapatu ya mtu mwembamba ina mbonyeo mkali. Ya mama mnene mwenye mwendo wa polepole ndiyo yenye upole anaoutafuta. Siku hizi anapita kwenye baraza za watu akibonyeza soli kwa kidole gumba. Sapatu ya kushoto ya jirani yetu iko kwenye ubao wangu, naitambua kwa rangi, na mwenyewe amekwisha kunitumia ujumbe kwamba ama nimnunulie jozi mpya, ama nimbebee maji bure mpaka Pasaka. Na ana bidoni nyingi, mama yule.